Nywele za Mwalimu wa Hesabu

"Mlete mzazi," mwalimu wa hesabu aliniambia, nilipofeli tena na kusinzia tena darasani.

Mzazi nimtoe wapi? Mama aliolewa mbali akaniacha kwa shangazi, na shangazi ana saluni. Nikitoka shule nasuka mpaka vidole vinakufa ganzi. Jumamosi nasuka kutwa nzima. Nilipomwomba nibaki masomo ya ziada, alicheka. "Kwani hesabu ndizo zitawasuka wateja?"

Yote hayo nilimwambia mwalimu kwa hasira, kana kwamba kosa ni lake. Aliniuliza tu saluni iko wapi.

Jumamosi akaingia saluni. "Nataka misuko midogo midogo," alimwambia shangazi, "na anisuke huyu." Nilichoka kabla sijaanza, maana hiyo ni kazi ya kutwa. Shangazi alitabasamu, mteja ni mteja.

Nikaanza kugawa nywele. Mwalimu, bila kugeuka, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Haya, namba ikivuka alama ya sawasawa, inabadilikaje?" Nikakosea. Akanielekeza polepole, kichwa chake mikononi mwangu. Kufika jioni mgongo ulikuwa hauna hali, lakini milinganyo ilikuwa imeanza kuniingia.

Jumamosi iliyofuata akarudi, nywele timtim.

"Zimefumuka zenyewe," alisema.

Shangazi alinikata jicho. Nikachukua kitana, nikameza maneno yangu. Mimi nikisuka, nywele hazifumuki hata mwezi uishe.