Gunia la Mgiriki

Makuli wa ghala la mahindi walimwita Mgiriki, ingawa Ugiriki aliijua kwa kamusi tu. Kamusi yenyewe haikuwa na jalada. Aliiokota jalalani alipokuwa mfagiaji wa chuo cha wachungaji, akajifunza herufi moja moja kama mtu anayechambua mchele. Kila Ijumaa, wakati wa mapumziko, aliwafafanulia wenzake neno moja la Maandiko.

Ijumaa hii mkewe alikuwa hospitalini, anapasuliwa tumbo tangu asubuhi. Binti yao ndiye aliyekaa mlangoni kusubiri. Mgiriki mwenyewe alikimbilia kazini, akazima simu na kuitia mfukoni. "Mtandao unasumbua," aliwaambia wenzake walipouliza hali ya mgonjwa.

Akili haikuwepo. Alilipita rundo la magunia, lake likiwa bado begani, akazunguka ghala zima. Kuli hatui peke yake: huita "Tua!", wawili wakampokea, maana gunia likitupwa hupasuka. Mgiriki hakuita.

"We Mgiriki, gunia linaumwa hilo, unalitembeza?" Kisigino, mwenzake wa miaka mingi, alimfuata na kuli mwingine, wakampokea.

Wakaketi. "Haya mwalimu, neno."

Aya aliichagua Jumatatu, kabla daktari hajataja kisu. Akaanza. "Petro anasema, mtwikeni Mungu fadhaa zenu zote. Hilo 'mtwikeni' kwa Kigiriki ni epiripto. Kutupa juu ya kitu. Luka naye analitumia pale walipomtupia mwana-punda nguo zao, Yesu akapanda."

"Kutupa? Basi Petro hakuwahi kuwa kuli!"

Wakacheka. Kisigino hakucheka.

"Na fadhaa?"

"Merimna. Wasiwasi."

"Wewe wa kwako umeutupia wapi?"

"Nimesema mtandao..."

"Shemeji yangu yuko chini ya kisu, unanidanganya mtandao? Mbona simu yangu inashika?" Akanyoosha mikono yote miwili, kama anayepokea gunia. "Ita."

Mgiriki alitazama ile mikono, sugu tupu.

"Tua," alisema, sauti ya kifaranga, akamwekea simu.

Kisigino akaiwasha. Ilichukua muda, utadhani inachota maji kisimani. Kisha jumbe zikaanza kuingia: moja, nne, tisa. Tisa! Nani anatuma tisa kwa habari njema? Kabla hajauliza, simu ikaita.

"Ndiyo mwanangu, ni baba yako mdogo. Yupo hapa." Kisigino akasikiliza. "Eeh." Akageuka ukutani. "Eeh... Lini?"

Mgiriki alilishika gunia lililokuwa karibu, kucha zikazama katika katani.

Kisigino akarudi, uso umelowa. "Ametoka. Ameamka. Anauliza ni mwanamume gani anayezima simu siku kama hii."

Mgiriki akakaa chini palepale, pumba zikamrukia.

"Mwambie mtandao..."

"Mwambie mwenyewe," Kisigino akamrudishia simu. "Huo mzigo siupokei."