Sala Katikati ya Kabaree

Annerie alikohoa mara mbili, akaegemeza vidole viwili kwenye mimbari ya mbao za makasha, akasema, "Tuombe."

Hapo ndipo watu walipaswa kucheka. Mazoezini wanafunzi wenzake walivunjika mbavu, maana mchungaji aliyemwigiza katika kabaree yao, onyesho la nyimbo na mizaha kwa lugha ya Kiafrikana, mwenye masharubu ya kubandika, alikuwa mlevi. Likitamkwa tu neno "amina", mwenzake Wikus angepiga piano, na mchungaji angeimba jinsi alivyoimaliza divai ya Meza ya Bwana. Lakini alasiri hii ilikuwa ya wazazi. Watu hawa ukiwaambia tuombe, hata wakiwa duka la nyama, hufumba macho kwanza na kuuliza baadaye. Ukumbi mzima ukainamisha vichwa.

Annerie akaviangalia vichwa vile. Utamchekeshaje mtu anayesali?

Na mstari wa mbele kabisa alikuwapo mama yake, Hesma, aliyeendesha gari kwa muda wa saa tano kutoka shambani, huko nyanda kame za Karoo. Kwenye simu alikuwa amesema, "Ukimwigiza marehemu baba yako, nanyanyuka natoka. Na likizo usije kwangu." Annerie akaapa kwamba ni mchungaji wa kubuni tu. Uongo mtupu. Kikohozi kile kilikuwa cha baba, na vidole vile viwili pia, baba aliyekuwa mchungaji wa kweli na hakuwahi kuonja hata bia. Kwa nini alimwiga? Hata mwenyewe hakujua. Alijua tu kwamba kila akikohoa vile alimhisi karibu, na wenzake walipocheka, alicheka nao.

Sasa hakujua ashike lipi, aache lipi. Akisema amina, mzaha unaanza. Asiposema, watainama hadi jioni.

"We, sema basi!" Wikus akanong'ona.

Akajaribu. Ikamtoka sala ya mezani ya baba, neno kwa neno, pamoja na mvua yake na kondoo wake. Ilipofika mwisho, akaiachia hapo, bila amina.

"Amina," mama akasema kwa sauti.

Wikus, masikini, alikuwa akingoja neno hilo tu. Akaitwanga piano. Mama akafumbua macho, akasimama. Safu nzima nyuma yake ikasimama pia, kwa kuwa kanisani kwao sala ikiisha huimbwa wimbo. Annerie hakuelewa kama wanaondoka au wanangoja zaburi. Akaanza kuimba habari za divai kwa sauti ndogo, machozi yakiloanisha masharubu.

Mama akatia mkoba begani.

"Paza sauti, we mtoto!" akafoka. "Baba yako naye watu wa nyuma hawakuwa wakimsikia. Miaka thelathini nilimwambia!"

Ukumbi ukaangua kicheko, ukidhani naye ni mwigizaji. Annerie akapaza sauti. Aliimba beti zote nne akimtazama mama, ambaye hakucheka, hakuketi, wala hakutoka.