Bei ya Kipande Kimoja

Kerezo la baba lilikuwa langu. Alisema mwenyewe mbele ya ndugu wote: kuchonga chuma nimemfundisha binti yangu, na mashine ni yake. Lakini alipofariki, hata machozi hayajatukauka, mdogo wake alibadilisha kufuli la karakana. Mimi niliyekuwa nachonga gia nikakabidhiwa ufagio na birika la chai.

“Mwanamke akishika kerezo, wateja watakimbia,” baba mdogo alisema.

Nikaanza kufagia. Mtenda husahau, mtendewa hasahau.

Siku mnunuzi wa kiwanda cha sabuni alipokuja, nilikuwa namimina chai. Alitaka pini mia mbili. Baba mdogo akataja elfu tatu kwa kila moja, na hapo hakukosea. Kupanga kerezo, kunoa kisu na kupimapima kunakula nusu siku. Kukata pini yenyewe ni dakika nne. Ile nusu siku ukiigawa kwa pini mia mbili, huisikii. Ukiibebesha pini moja, utalia.

“Na siku nikitaka chache?” mnunuzi akauliza, taratibu.

“Bei ni hiyo hiyo, bosi wangu. Kipande chochote utakacho, hata kimoja!”

“Mwaka mzima?”

“Mwaka mzima. Andika!”

Neno langu moja lingemwokoa. Nikalitafuta, nikaona afadhali nimuulize, “Sukari vijiko vingapi, baba mdogo?”

Akataka viwili, akatia sahihi.

Baada ya zile pini, kila asubuhi ikaja karatasi mpya kutoka kiwandani: bushi moja, gia moja, shafti moja, kila kimoja na vipimo vyake. Elfu tatu. Mafundi walishinda wakipanga mashine na kupangua. Mwezi wa tatu mishahara ikakwama, wakaondoka wote, na mimi nikatupa ufagio. Kuuvunja mkataba kulikuwa na faini ya kumuuzisha karakana nzima.

Baba mdogo akaja chumbani kwangu, akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa.

“Mwanangu, damu nzito kuliko maji. Njoo unikatie.”

“Leo nimekuwa mwanao? Kerezo la baba lije hapa kwangu. Kisha nitakukatia, kwa bei ya kipande kimoja.”

“Shilingi ngapi?”

“Elfu arobaini.”

“Kiwanda kinanipa elfu tatu!”

“Hiyo bei ulipanga wewe.”

Akanitazama sana. “Siku ile ulikuwepo. Ulijua?”

“Nilijua kabla hujakoroga chai.”

“Mbona hukuniambia?”

“Mwanamke na birika lake angesema nini? Wateja wangekimbia.”

Kesho yake alilileta kerezo kwa mkokoteni, akisukuma mwenyewe, shati limelowa. Nililifuta vumbi polepole, kila gurudumu, huku yeye amesimama mlangoni na karatasi ya siku hiyo mkononi: bushi moja. Sikumwonea huruma hata chembe. Nikammiminia chai bila kumuuliza habari ya sukari, nikamkumbusha kwamba mkataba bado una miezi tisa.