Jina Safi Mno

Saa nne kasorobo asubuhi Mama Mashuka alikuwa bado kazamisha mikono kwenye maji baridi hadi viwikoni, akisugua mashuka ya wodi ya wazazi. Shuka la damu halianzi na maji moto. Ukilikimbiza kwenye moto doa linaganda, na hapo hata ulilaze na sabuni wiki nzima, imekula kwako. Miaka kumi na tisa katika chumba cha kufulia cha hospitali ilikuwa imemfundisha hayo, na kumwachia kucha dhaifu kama ganda la yai. Jina la kuzaliwa hakuna aliyelitumia. Manesi walimbatiza Mama Mashuka, naye akaitika, yakaisha.

Leo lakini lile jina la kwenye kitambulisho lilikuwa na safari. Saa tano lilitakiwa benki.

Mwenye nyumba wake alikuwa anauza. Mzee mwenyewe hakuwa mtu mbaya, alimwambia, "Umekaa kwangu miaka kumi na moja, kununua wewe kwanza. Lakini nakupa wiki moja tu, dalali ana mtu." Wiki yenyewe ilikuwa inaisha leo jioni. Vyumba viwili na jiko, si jumba la kifalme. Ila ndani ya vyumba hivyo alikuwamo mama yake, ambaye macho yalishamwacha, na aliyeijua nyumba ile kwa nyayo: hatua saba kutoka kitandani hadi mlangoni, tatu kugeuka jikoni, ukuta wa kushoto wenye baridi ndio wa bafuni. Bibi wa watu ukimhamisha unamzima taa mara ya pili. Mama Mashuka hilo lilimnyima usingizi kuliko kodi na bei ya unga zikiwekwa pamoja.

Na alijua kukopa ni nini, msidhani. Ni hayo hayo macho ya mama yaliyomwingiza. Alikopa kwenye simu huku, akakopa kule ili alipe huku, mpaka jina likatua kwenye orodha ya wadaiwa sugu. Wanasema kukopa harusi, kulipa matanga. Yeye hata hiyo harusi hakuiona, maana macho hayakupona. Matanga aliyalipa yote. Aliuza friji, akashika zamu za watu, akazoea kula mara moja kwa siku na kusema ameshiba. Siku alipopewa barua kwamba jina limesafishwa, aliapa mbele ya mama yake kwamba hatakopa tena hata chumvi. Miaka mitatu hakukopa kitu, mpaka leo nyumba ilipomlazimu.

Alimwachia mwenzake pasi ya mvuke, akavaa gauni la kutokea, akaenda.

Ofisa wa mikopo alikuwa binti mpole, mwenye sauti ya mtu aliyekwishachoka kabla ya saa sita. Aliipapasa kompyuta yake, akatabasamu.

"Mama, jina lako safi kabisa."

Moyo wa Mama Mashuka uliruka. "Nilijua, mwanangu. Nimelihangaikia."

"Safi mno," binti akasema.

"Mno kivipi?"

"Halina kitu. Miaka mitatu hujakopa popote. Mfumo haukujui."

"Si ndiyo vizuri? Sidaiwi."

"Asiyedaiwa tutajuaje kama analipa?"

Mama Mashuka alimtazama vizuri, akidhani ni utani. Binti hakuwa na utani wowote usoni.

"Mimi nimekua nikiambiwa dawa ya deni ni kulipa," alisema polepole.

"Ni kweli, mama. Lakini lazima kwanza liwepo."

Basi akafungua bahasha, akamwaga mezani risiti za kodi, zile za zamani zimefifia wino kama chai ya mara ya tatu. Hakuna mwezi uliokosekana. Binti aliziangalia kwa adabu, asiziguse.

"Kodi si mkopo. Haziingii humu." Kisha akainama na kushusha sauti, maana roho mbaya hakuwa nayo. "Kuna mkopo wa kujenga jina. Tunakukopesha, hela tunaikalia sisi wenyewe, wewe unarejesha kila mwezi na riba yake. Mwaka ukiisha unarudi tena kwangu."

"Nikope hela nisiyoiona, niilipie riba, ndiyo mniamini?"

"Ndiyo utaratibu."

"Nyumba inauzwa leo, mwanangu."

Binti alizikusanya risiti, akazipanga vizuri kwenye bahasha, akamrudishia kwa mikono miwili. Nyuma, kwenye foleni, watu walikuwa wameshaanza kukohoa.

Alirudi kumalizia zamu, kwa sababu mshahara haujui mambo ya benki. Saa kumi akafika nyumbani. Mlango ulikuwa wazi, na mama yake hakuacha mlango wazi hata siku moja. Alimkuta amesimama pembeni ya chumba, viganja vyote viwili ukutani.

"Kuna watu wameingia na futi kamba," mama alisema. "Wamesogeza kigoda. Nimejikwaa."

"Umeumia?"

"Sijaumia. Lakini sijui kiko wapi sasa."

Watu wenyewe walikuwa uani. Mmoja alikuwa dalali, huyo alimfahamu. Wa pili alikuwa mwanamume wa makamo mwenye shati lililonyooka na heshima zake zote.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Usihofu," dalali akadakia. "Bwana huyu ndiye mnunuzi, na hakufukuzi. Anataka ubaki. Ni sahihi yako tu."

Mama Mashuka alishusha pumzi. Hebu fikiria, akasema moyoni, huenda Mungu kakumbuka. Akaipokea karatasi. Juu ilikuwa na nembo ya benki ile ile alikotoka asubuhi. Ilisema kwamba mpangaji wa nyumba hii amelipa kodi miaka kumi na moja bila kuchelewa, na kwamba kodi yake, ambayo itaongezwa kuanzia mwezi ujao, ndiyo itakayorejesha mkopo wa mnunuzi.

"Benki wamefurahi sana," mnunuzi alisema, na alisema kwa shukrani ya kweli. "Mimi mwenyewe mambo yangu hayajakaa sawa, nina mikopo miwili. Lakini walipoona mpangaji ni mtu wa namna yako, wakasema hapo hakuna wasiwasi."

Hasira ilimpanda Mama Mashuka kutoka miguuni. Hakukumbuka lini aliwahi kukasirika hivyo, hata macho ya mama yalipogoma.

"Wanataka nini?" mama yake akauliza kutoka ndani.

"Wanataka niwadhamini, mama."

Akamrudishia dalali karatasi. "Hao hao wameniambia leo kwamba hawanijui. Sahihi ya mtu asiyejulikana mtaipeleka wapi?"

"Mama, usijiharibie," dalali alisema bila kupandisha sauti. "Wanachotaka ni mpangaji. Awe wewe, awe mwingine."

"Mtafute mwingine."

Dalali hakubishana. Alitoa simu, akasogea pembeni, akaongea maneno machache. Haikupita nusu saa, akaingia uani mwanamke kijana, mtoto mgongoni, uso una jasho la kutembea haraka. Alichungulia chumba cha kwanza, akachungulia cha pili, akamwamkia bibi. Kisha akamkaribia Mama Mashuka pale mlangoni, kwa aibu, kama anayeomba moto wa jirani.

"Dada, samahani. Kodi ukichelewa siku mbili tatu, huwa wanaelewa?"

"Sijui, mdogo wangu," Mama Mashuka akajibu. "Mimi sijawahi kuchelewa."