Kola za Zege

Nguzo ya tatu ya uzio ilikatika baba mkwe wa mama akiwa ameishikilia. Mama alikuwa anasuuza nguo. Alisikia mti ukilia, kisha kishindo, kisha matusi. Matusi yakamtuliza moyo: aliyevunjika kiuno hana pumzi ya kutukana hivyo.

Tangu macho ya mzee yafifie, uzio huo ndio uliokuwa fimbo yake. Alishika ubao wa juu kutoka mlango wa nyuma hadi chooni, akaenda na kurudi peke yake. Uzio ukilala, kila haja ya mzee itakuwa safari ya mama: aache sufuria motoni, amshike mkono mtu mzima asiyetaka kushikwa mkono. Na mama alikuwa hoi tayari.

Alimwinua, akampangusa vumbi.

"Mchwa hao," alisema mzee.

"Si mchwa, baba. Shika hapa."

Aliuongoza mkono wake hadi kwenye kisiki kilichobaki ndani ya zege. Vidole vikazama kama kwenye mkate uliochovywa chai.

Mzee alikuwa fundi mwashi maisha yake yote, na kwake hakuna kitu kinachosimama bila saruji. Kila nguzo aliivalisha kola ya zege, akaipiga lipu, akaizungushia ukingo mzuri kama wa beseni. Basi mvua ikinyesha, maji yalijaa humo yakatuama, na mti ukawa unayanywa polepole.

"Zege lako ndilo limeziozesha," alisema mama. Hakuwa na nguvu za kuzungukazunguka.

"Nimejenga nyumba za watu, mkwe. Haijalala hata moja."

"Za matofali hizo, baba. Hizi ni mbao."

Nguzo mpya zilikuwa zimeegemea ukuta wa jikoni, kavu, zimebanduliwa magome. Miguu yake ilikuwa imelowekwa dawa ya mbao kupita kiganja kizima juu ya pale udongo utakapofika, kwa sababu mti huanza kuoza pale pale mpakani, penye unyevu na hewa pamoja. Mume alizitayarisha vizuri, kisha akaenda kazini na, kama kawaida yake, akawaachia wengine mashimo.

Mama aliling'oa zege la zamani kwa mtaimbo, mgongo ukiwaka moto. Mzee alikaa kwenye kigoda, ametega sikio. Kokoto zilipomwagwa shimoni, akachangamka.

"Haya, sasa saruji!"

"Hakuna saruji. Kokoto za kupitisha maji, halafu udongo."

"Nguzo bila zege? Hilo ni jino bovu, mkwe. Litacheza mpaka litoke."

Stoo kulikuwa na nusu mfuko wa saruji. Mama aliufikiria. Amkorogee tu, mzee afurahi, yeye akajilaze. Kisha mvua chache zipite, arudi hapa hapa na mtaimbo huu huu. Akautupa mtaimbo chini.

"Baba, msingi wa nyumba ulikuwa unaanza na saruji?"

"Nani kakudanganya? Unaanza kwa kushindilia!"

"Basi shindilia."

Akaisimamisha nguzo mpya juu ya kokoto, akamtia mzee gogo la kushindilia mikononi. Mzee alinuna kidogo, halafu akasimama.

"Tia udongo kidogo. Kidogo, nimesema! Ukiujaza wote, juu patakaza, chini pabaki uji."

Mama alitia, mzee akatwanga, tabaka juu ya tabaka. Mwisho aliipiga nguzo bega. Haikutikisika. Akachuchumaa, akausawazisha udongo kwa viganja, ukainuka kuzunguka mti na kuteremka pande zote.

"Maji yaende kwa jirani," alinung'unika.

Akashika ubao, akaelekea chooni. Mama akaigeuza ndoo, akaikalia.

"Mkwe! Hii inayofuata nayo inacheza!"

"Najua, baba."

"Na hii ya mwisho!"

"Zote, baba. Zote umezivalisha kola."

Mlango wa choo ukafungwa. Mtaimbo ulikuwa pale pale ulipoanguka, na mama akauacha ulale mpaka mzee atoke.