Marufuku Kupiga Magoti

Siku ambayo mama hakurudi, binti alikuwa amekwisha kuosha sahani akingoja bakuli. Kila jioni mama alilileta kutoka hotelini alikofanya usafi: chakula chake cha mchana, hakijaguswa. Tangu mishahara ipunguzwe, ndicho kilicholisha nyumba.

"Mimi nilishakula huko," alisema, akiwagawia binti na mdogo wake. Suruali ya sare ilimpwaya mpaka akaifunga kwa kamba. Wenzake walimbandika jina Kimbaumbau, naye akacheka nao. "Wenye pesa wanalipia kukonda, mie nakonda bure!"

Alisugua vigae kwa kuchuchumaa, kutwa. Kupiga magoti kulikatazwa. Magoti ya sare yakichafuka, wageni wataona. Asubuhi moja alisimama, na wayo wa kulia ukakataa kuinuka. Vidole vilining'inia tu. Tangu hapo alinyanyua goti juu kama anayevuka dimbwi, kisha wayo ukatua: pwa. Binti alimtambua kwa sauti hiyo angali njiani.

Daktari aligusa kando ya goti, kwa nje. "Mshipa wa fahamu unapita hapa, mama. Umekonda haraka mno, nyama iliyoukinga imekwisha, na kuchuchumaa kunaubana. Utapona. Ule vizuri, usichuchumae."

"Sawa, daktari." Alipotoka nje na binti, mama aliangua kicheko mpaka akashika ukuta.

Usiku aliwaigizia watoto sauti ya msimamizi. "Nimemwambia, 'Bosi, niruhusu nipige magoti, hata siku chache.' Kasema, 'Nikikuruhusu wewe, kesho wote wako chini. Hii ni hoteli, mama, si nyumba ya ibada.'"

Siku ile bakuli halikuja. Mama alikuwa akishuka ngazi na ndoo, vidole vya mguu vikajikwaa, akaangukia kichwa.

Msimamizi alifika msibani, akavua viatu mlangoni. "Pole sana, binti. Hoteli ina utu. Nafasi ya mama hatujampa mtu."

Sasa binti anasugua korido ileile, amechuchumaa, ndani ya suruali yenye alama ya kamba kiunoni. Mara nyingine husikia pwa nyuma yake. Hugeuka. Vigae vitupu, vinang'aa.

Jioni humfunulia mdogo wake bakuli.

"Na wewe, dada?"

"Kula. Mimi nilishakula huko."