Bahasha Yenye Karatasi Mbili

Muungano wa Wastani ulikuwa na wanachama ishirini na watatu katika mkoa mzima wa Mayenne, Ufaransa, na wote walienea kwenye chumba cha nyuma cha mkahawa mmoja pale Saint-Maurille. Kisiasa, wa mrengo wa kushoto hawakuwa hata kidogo. Wa kulia walikuwa, lakini kwa adabu, na wakiomba radhi. Mwenyekiti wao, Anthelme Garnavault, aliyestaafu kazi ya kuthibitisha mikataba, alipenda kusema chama chake ni maji ya vuguvugu: mkahawani hakuna anayeyaagiza, ila nyumbani kila mtu huyaogea. Mzaha huo alikuwa ameurudia kwa miaka kumi na tisa. Mkewe aliacha kuucheka mwaka wa pili.

Jumapili hiyo ya Novemba mizaha ilikuwa imekauka. Chama kikubwa cha mrengo wa kulia kilitaka jibu kabla ya saa kumi jioni: jiungeni nasi, mfute jina lenu, nasi tutamweka Anthelme nafasi ya nne kwenye orodha ya wagombea wa baraza la kanda. Nafasi ya nne ilikuwa ushindi wa uhakika. Anthelme alikuwa amegombea mara saba na kuanguka mara saba, na kiti hicho alikitaka mpaka akajionea haya. Asubuhi, akinyoa ndevu, alijikuta anakiambia kioo, "Mheshimiwa."

Walipiga kura kama ilivyo ada yao, baada ya mchuzi wa ndama na kabla ya jibini, maana walishagundua kwamba wakiwa na njaa wanagombana, na wakishakula jibini wanasinzia. Sanduku la kura lilikuwa bakuli kubwa la supu. Kila mtu alipewa bahasha moja na karatasi mbili, "Tujiunge" na "Tubaki". Moja unaitia kwenye bahasha, nyingine unaitia mfukoni.

"Jamani, leo tuamue!" alisema Anthelme akigonga glasi. "Wafaransa wamechoshwa na watu wasiojua wanachotaka!"

Wakampigia makofi. Kisha akaingia nyuma ya pazia la kupigia kura, akazikodolea macho zile karatasi mpaka watu wakaanza kukohoa, akazitia zote mbili kwenye bahasha, akailamba na kuifunga.

Katibu, Tugdual Lorieux, wakala wa bima mwenye haraka zake, ndiye aliyehesabu. "Tujiunge, kumi na moja. Tubaki, kumi na moja." Akafungua bahasha ya mwisho, akashusha pumzi. "Na huyu katia zote mbili."

Chumba kikaangua kicheko.

"Huyo ndiye mwanachama wetu halisi!"

"Mvisheni nishani!"

Anthelme alicheka kuliko wote, huku jasho likimteremka mgongoni.

"Kifungu cha kumi na nne," alisema Ghislaine Houdebert, mfamasia mstaafu aliyeanzisha chama pamoja naye. "Kura zikilingana, mwenyekiti anaamua. Kwa sauti, tena amesimama."

"Kifungu gani tena hicho? Nani alikiandika?"

"Mimi, mwaka wetu wa tatu."

"Kwa sababu gani?"

"Wewe nawe, Anthelme! Kila mwaka lazima kuna bahasha yenye karatasi mbili. Tulipochagua rangi ya bendera, ilikuwepo. Tulipochagua mkahawa, ilikuwepo. Unadhani hatujui ni ya nani?"

Kicheko kikakatika. Watu wakainamia sahani zao, na Anthelme akaelewa kwamba wote walijua, na kwamba miaka yote hiyo walikuwa wanamsitiri. Alitamani kujificha chini ya meza.

Ilikuwa saa kumi kasoro dakika sita. Akasimama.

"Kwa upande mmoja..." alianza.

"Aaah!" wakaguna wote, wa kujiunga na wa kubaki.

"Basi, basi. Nisikilizeni. Kile kiti nakitaka. Nakitaka vibaya sana. Nikiwaambia najiunga kwa ajili ya nchi nitakuwa nawadanganya." Akaitazama saa. "Tubaki."

Neno lenyewe moja tu, na lilimuuma kama jino linalong'olewa. Tugdual alikuwa ameshavaa koti, simu sikioni, akiwaarifu wale wakubwa kwamba yeye na wenzake kumi wanakuja hata hivyo. Hawakutupiana maneno. Hata katika kuondoka walikuwa watu wa wastani: kila mmoja alirudisha kiti chake mezani na kumshukuru mwenye mkahawa. Wa mwisho alikuwa Ghislaine, akijifunga skafu.

"Hata wewe?" Anthelme aliuliza.

"Mimi nilitia 'Tujiunge'. Nina miaka sabini na minne, Anthelme. Nimechoka kushindwa." Akambusu mashavu yote mawili. "Lakini ungekuja nasi, ningekuonea haya."

Akatoka. Jibini ikaletwa, ya watu ishirini na watatu, na waliobaki walikuwa kumi na wawili. Anthelme alibaki amesimama. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa ameamua jambo, na mtu pekee ambaye angetamani kumsimulia alikuwa nje, anatafuta funguo za gari.